Tisa kwa Kumi

Ile sauti aliyorekodi shemeji kuhusu jioni yangu ya kuonja wiski, inayozunguka kwenye makundi, ina uongo mara mbili, na nausahihisha kabla haijamfikia mama mkwe. Kwanza, mate niliyokunywa hayakuwa ya watu watatu. Yalikuwa ya mtu mmoja. Pili, sikuomba niongezewe. Nilisema "hii inastahili kuongezwa," na wanasheria watawaambia kuna tofauti.

Mezani zilikuwa chupa tatu, zote za kiwanda kimoja: Springbank, kilichoanza 1828 kule Campbeltown, Scotland. Kulikuwa na Hazelburn ya miaka 10, Springbank ya miaka 10 na Longrow isiyoandikwa umri. Nilizichagua makusudi. Zote tatu zina kilevi asilimia 46, hazitiwi rangi wala hazichujwi kwa baridi, kwa hiyo huwezi kubahatisha kwa ukali. Kinachozitenganisha ni moshi na idadi ya safari mtamboni. Kimea cha Hazelburn hukaushwa kwa hewa moto tu, saa 30, halafu pombe yake hukenekwa mara tatu, yaani huchemshwa mtamboni na mvuke wake kupozwa uwe pombe kali zaidi. Cha Longrow hufukizwa saa 48 kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaokaushwa na kuchomwa kama kuni), na mtamboni ni mara mbili basi. Springbank yenyewe imekaa katikati: mboji saa 6, hewa moto saa 30, kukenekwa mara mbili na nusu. (Ile nusu maana yake ni kwamba sehemu ya pombe hupita mtamboni mara mbili na sehemu mara tatu. Aliyebuni hesabu hiyo naamini alikuwa ameshaonja.)

Shikeni hilo neno "katikati". Ndilo lililonizika.

Sheria za jioni niliziweka mimi, kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Mililita 20 kwa glasi, zile zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ziachwe dakika 10 kabla ya kuguswa. Unanusa huku mdomo umeachama kidogo, la sivyo kilevi kinakuunguza pua na huambulii kitu. Longrow iwe ya mwisho, maana moshi ukishatanda ulimini, Hazelburn itakayofuata utaiona kama maji ya kusuuzia glasi. Asiyetaka kumaliza amwage kwenye glasi ya masazo.

Glasi, nimesema. Mtu mwenye akili huweka ndoo au jagi. Mimi mtaalamu nilichukua glasi ya nne kutoka seti ileile, nikaiweka mstari mmoja na wenzake. Mnaona tunakoelekea.

Hazelburn haikupata wapenzi, eti nyepesi mno. Watatu wakamwaga karibu yote. Longrow ikamwagwa na mmoja tu. Shemeji, kwa kuwa angeendesha gari, alikuwa anaonja na kutema kiungwana kabisa, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Hapo ndipo nikajitapa kwamba nazitambua zote nikiwa nimefumbwa macho. Mtandio wa mke wangu ukaletwa. Shemeji akamimina upya, akapanga, akanikabidhi namba moja.

Niliishika mguuni, nisiipashe joto kwa kiganja. Nikanusa kwa tundu la kushoto, kisha la kulia. Nikanusa ndani ya kiwiko changu ili kusafisha pua, nikairudia. Chumba kikawa kimya. Nilidhani ni heshima. Nikapiga funda, nikalilaza juu ya ulimi, nikalipeleka huku na huku, nikahesabu hadi kumi. Nikameza.

Nikameza, jamani.

Kisha nikafungua mdomo uleule. "Moshi upo," nikasema, "ila wa mbali, kama wa jiko la jirani. Chini yake kuna utamu wa tufaha. Na hapa mwishoni..." nikanyoosha kidole juu, kidole kabisa, "hapa mwishoni kuna chumvichumvi. Hiyo ndiyo hewa ya bahari ya Campbeltown." Mtu akakohoa. Nikadhani imemkolea. "Hii ni Springbank. Tisa kwa kumi. Inastahili kuongezwa."

Shemeji jioni nzima alikuwa anakula karanga za chumvi.

Mtandio ukaondolewa, watu wako sakafuni, glasi tatu za jaribio zimejaa kama zilivyomiminwa, ya masazo iko mkononi mwangu. Nilipiga mswaki mara mbili, wageni wakaondoka, na sauti ilirekodiwa kabla gari halijawashwa.

Lakini nisikilizeni kitaalamu. Sehemu tatu za Hazelburn isiyo na moshi kabisa, sehemu moja ya Longrow yenye moshi mzito, zote za kiwanda kimoja: unapata kitu chenye moshi wa wastani, na moshi wa wastani ndio alama ya kwanza ya Springbank. Jana nimerudia kwa vipimo, mililita 15 kwa 5, bila mchango wa shemeji. Moshi unakaribiana sana. Kinachokosekana ni ule uzito wa mafutamafuta wa Springbank halisi, ambao ningeugundua kama nisingekuwa nashughulika na kidole changu. Ukichanganya nusu kwa nusu haiendi. Longrow inameza yote.

Ya masazo sasa ni kopo la bati lenye mpini, na linakaa sakafuni.

Shemeji amepiga simu tena asubuhi hii. Anataka kujua ile alama moja aliipoteza wapi.