Tumefurahi Kusikia Umeghadhibika
Nilipokuwa mpokezi mpya katika hoteli moja ya ufukweni Unguja, ambayo jina lake nitalisitiri, nilikabidhiwa kazi ya kujibu barua pepe za wageni kwa sababu moja tu: miongoni mwa watu wa zamu ya usiku, mimi ndiye niliyekuwa na alama nzuri ya Kiingereza kwenye cheti. Cheti hicho ndicho kilichoniponza.

Alfajiri moja, mgeni kutoka Uingereza aliandika kwamba kiyoyozi cha chumbani mwake kilivuja usiku kucha juu ya sanduku lake la nguo, akamalizia hivi: "I am livid." Neno hilo sikuwa nimewahi kukutana nalo, lakini nilimjua niliyemdhania kuwa nduguye, yaani "vivid", ambalo mwalimu alitufundisha kuwa husemwa juu ya kitu chenye kung'ara na kujaa uhai. Nikakata shauri kwamba mzee wa watu, licha ya nguo zake kulowa, yu mchangamfu na buheri wa afya. Nikamjibu kwamba uongozi umefurahi mno kusikia yu "livid", kwamba hilo ndilo lengo letu kwa kila mgeni, na kwamba tunatumaini mkewe naye atakuwa "livid" kabla ya kifungua kinywa.

Aliteremka ngazi kabla sijaonja chai. Meneja wetu, mama wa makamo, alilisoma jibu langu mara mbili kwenye simu ya mgeni, kisha akanivuta kando.

"Mwanangu, mtu kafura kwa hasira, nawe unamwombea na mkewe?"

Nilichukua tambara la kudekia nikakimbilia chumbani, nikateleza kwenye dimbwi lile lile la kiyoyozi, nikajigonga shavu kwenye ukingo wa kitanda. Niliporudi, meneja alinipa kipande cha barafu na kamusi nene ya Kiingereza, akaniamuru nimsomee.

Kumbe neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, "lividus", lenye maana ya rangi ya risasi, ile samawati iliyofifia ya mahali palipovilia damu, nalo likapitia Kifaransa hadi likaingia Kiingereza katika karne ya 15, likiwa bado ni jina la rangi tu. Baadaye aliyeghadhibika hadi akageuka rangi alisemwa kuwa "livid" kwa ghadhabu, na kufikia karne ya 20 rangi ikasahauliwa, ghadhabu ikabaki peke yake. Wapo hata wenye lugha yao wanaodhani kwamba rangi hiyo ni nyekundu. Ningependa kulithibitisha jambo hili kwa uso wa mgeni wetu, lakini jua la Paje lilikuwa limemchoma jana yake, na ushahidi wote ukawa umeharibika.

Meneja alilitazama shavu langu, lililokwisha kuvimba na kugeuka rangi ya risasi, akafunga kamusi.

"Basi kwa Kilatini, aliye livid humu ndani ni wewe. Nenda kamwombe radhi."

Nilikwenda. Mgeni aliponiona alisahau sanduku lake, akamgeukia meneja akidhani kwamba ndiye aliyenipiga, akaghadhibika upya, safari hii kwa kunitetea.