Tende sita sawa, mafuta ya mbarika hapana

Mimba ikishafika wiki ya 38, Mombasa nzima inageuka wakunga. Mama mkwe ana kikombe chake, jirani ana mzizi wake, na dereva wa tuktuk naye, akiliona tumbo, atakwambia habari za nanasi. Maoni yangu nayatoa mapema: njia nyingi za nyumbani za kuharakisha uzazi hazileti uchungu, zinajitwalia tu sifa ya uchungu uliokuwa njiani wenyewe. Zenye uwezo wa kweli ni chache. Na ile yenye nguvu kuliko zote jikoni, mafuta ya mbarika (castor oil), ndiyo ningemwomba mama aiache kwenye chupa yake.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Chukua tarehe hiyo, rudi nyuma miezi 3, ongeza siku 7. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupa 17 Desemba. Mwenye mzunguko wa siku 35 badala ya 28 aongeze wiki nzima, iwe 24 Desemba. Sasa kuna bibi anayehesabu kwa mwezi wa kuandama, mfunguo mosi, mfunguo pili. Mwezi wake una siku 29 au 30, hivyo miezi 9 yake ni kama siku 266, wiki 38 kamili. Kwa bibi miezi imetimia na mtoto "amechelewa". Kwa kliniki bado wiki 2. Hakuna aliyekosea kuhesabu, ni kalenda mbili tofauti, lakini kikombe cha dawa huandaliwa kwa kalenda ya bibi.

Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, au muda mfupi baada ya kuacha sindano ya kupanga uzazi, hedhi yake haiaminiki kwa hesabu hii. Huyo anahitaji skani ya mapema. Skani ya kabla ya wiki 14 hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu, ilhali ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki 3, kwa sababu wakati huo inapima ukubwa wa mtoto na watoto hawalingani. Tarehe mpya iliyotolewa na skani ya wiki ya 36 haifuti ile ya mwanzo. Na hiyo tarehe yenyewe si miadi: katika watoto 100, wanaozaliwa siku ileile hawazidi 5 hivi. Mimba ya kwanza hupenda kupita.

Kwa hiyo kabla ya wiki 39, jibu langu kwa kila njia ya kuanzisha uchungu, ukiacha tende na matembezi ya maandalizi, ni moja: ngoja. Mtoto wa wiki 37 anaonekana kamili, lakini ndiye anayepata taabu ya kupumua na uvivu wa kunyonya kuliko wa wiki 39.

Jambo la pili ni mlango wa kizazi. Kwa miezi yote ulikuwa mrefu, umefungwa, mgumu kama ncha ya pua. Ukikaribia wakati unalainika kama mdomo, unafupika, unasogea mbele, na kichwa cha mtoto kinashuka juu yake. Wakunga hupima mambo hayo kwa alama za Bishop: 8 na kuendelea mlango uko tayari, 6 kushuka chini bado. Hii ndiyo siri ya ushuhuda wote wa mitaani. Aliyekula nanasi jioni akazaa alfajiri, mlango wake ulikuwa tayari tangu juzi. Mwenzake alikula nanasi zima na mlango mgumu, akapata vidonda vya ulimi.

Tende ndiyo ninayoitetea bila kusita, ila kwa kazi yake halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Jordan uliwafuata wanawake 69 waliokula tende 6 kila siku kwa wiki 4 za mwisho, na 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali mlango ukiwa umefunguka zaidi, na wachache zaidi walihitaji kuanzishiwa uchungu. Ulikuwa utafiti mdogo, na wanawake hawakugawanywa kwa bahati nasibu, lakini majaribio mengine ya baadaye yameelekea upande huohuo. Angalia vizuri: wiki 4. Tende ni za kuandaa mlango. Anayenunua kilo nzima Marikiti wiki ya 41 na kuimaliza kwa siku 2 atapata tumbo la kuendesha. Hata katika Surat Maryam uchungu ndio uliompeleka bibi Maryam kwenye shina la mtende, na tende zikaja baadaye.

Kipimo cha kawaida ni tende 6 ndogo, kama gramu 60 hadi 75 kwa siku, kuanzia wiki ya 36. Zile kubwa laini za Medjool usizihesabu hivyo. Moja ina karibu gramu 16 za sukari, na sita zinakaribia gramu 100. Gawanya, 3 asubuhi na 3 jioni, pamoja na maziwa au njugu ili sukari isipande kwa kishindo. Mwenye kisukari cha mimba asianze kabla ya kuongea na daktari wake, hata kama nyumba nzima ni Ramadhani na sinia la tende liko mbele yake.

Kutembea nako ni kuzuri, na hakuhitaji kupanda ngazi za watu wala kutembea mguu mmoja juu ya ukingo wa barabara. Nusu saa kwa mwendo wa kawaida, kama kilomita 2, mara 3 kwa wiki kuanzia wiki ya 38, kunatosha. Mama Ngina pana njia pana na upepo. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na chupa ya maji mkononi. Msimu wa kaskazi joto letu hukausha mwili haraka, na mwili mkavu huleta mikazo ya tumbo ambayo watu huiita uchungu. Ikianza, kunywa bilauri 2 za maji, lala ubavu wa kushoto, subiri saa moja. Ya uongo itapoa. Ya kweli itazidi kukaribiana hata ukilala.

Kuchezea chuchu ndiyo njia ya nyumbani yenye ushahidi mzuri kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa kwa sababu ya haya. Chuchu ikisuguliwa ubongo hutoa oksitosini, homoni ileile inayotiwa kwenye dripu hospitalini. Majaribio yalipokusanywa pamoja, kati ya wanawake 100 waliofanya hivyo, 37 walikuwa wameingia uchungu ndani ya saa 72. Kwa wasiofanya walikuwa 6. Lakini kwa wale ambao mlango ulikuwa bado mgumu, hapakuwa na tofauti, tumerudi palepale.

Namna yake: wiki 39 zimetimia, mimba ya mtoto mmoja, kichwa chini, mtoto anacheza vizuri. Paka mafuta ya nazi kidogo ili ngozi isichubuke. Titi moja kwa wakati, zungusha chuchu na weusi wake kwa kiganja au vidole, kama mtoto anavyovuta, dakika 15, kisha hamia la pili. Jumla isizidi saa moja kwa siku, na ukifikisha siku 3 bila kitu, acha. Mkazo ukija, toa mkono hadi uishe. Mikazo ikizidi mitatu ndani ya dakika 10, au mmoja ukipita dakika moja na nusu, simamisha kabisa. Kinachoharibu hapa ni pupa: mwenye kusugua matiti yote mawili bila kupumzika anaweza kukaza mfuko wa uzazi hata damu ya mtoto ikapungua. Mwenye presha, mwenye kovu la upasuaji, au aliyeambiwa mtoto ni mdogo, hii si yake nyumbani.

Tendo la ndoa? Manii yana prostaglandini, kemikali inayolainisha mlango wa kizazi, ndiyo, lakini majaribio hayakuonyesha kwamba linaharakisha. Mkitaka, furahini. Kama chupa ya uzazi imepasuka au kondo la nyuma liko chini, marufuku. Pilipili, nanasi na chai ya tangawizi ni chakula tu. Kile kimeng'enya cha nanasi kinachosifiwa huvunjwa tumboni kwa sehemu kubwa. Uwatu nao una siku zake, baada ya kuzaa. Kwa wingi kabla ya hapo hushusha sukari na hakuna anayejua kijiko kipi ndicho cha hatari.

Sasa mbarika. Mafuta yake yakifika tumboni hutoa asidi ya risinoleiki, na mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba asidi hiyo hugusa kipokezi kilekile, kama swichi ya kukaza misuli, kwenye utumbo na kwenye mfuko wa uzazi. Kwa hiyo wazee hawakuota, yanafanya kazi. Tatizo ni kwamba hayawezi kuchagua. Kipimo kilichotumika sana kwenye tafiti, mililita 60, ni vijiko 4 vya mezani, na kichefuchefu ni karibu uhakika. Kisha unaendesha saa nzima nzima. Unaingia kwenye kazi ya saa 12 au zaidi ukiwa umekauka, hujalala, na katika joto la Kisauni. Kwa mwenye kovu ni hatari zaidi, kwani mikazo ya ghafla inaweza kulipasua.

Kuna hatari nyingine inayotokana na lugha yetu. Chupa moja huitwa mbarika, nyingine nyonyo, nyingine mbono. Mbono kaburi ni mti mwingine kabisa, na mafuta yake ni sumu. Na hata ya mbarika yenyewe, mengi yanayouzwa ni ya nywele, yamechanganywa na manukato. Mbegu zake zisitafunwe hata moja, zina risini, sumu kali. Nadhani hayo yanatosha.

Mizizi ya kuchemsha, na maji ya lile ua kavu la kaf Maryam linalofunguka likiloweshwa, nayaweka kapu moja. Kuliangalia ua likifunguka si neno. Kulinywa ni kunywa dawa isiyo na kipimo. Kukandwa tumbo kwa nguvu "ili mtoto ashuke" ni baya kuliko yote mawili, kwa sababu kondo linaweza kubanduka mtoto angali ndani, na damu isionekane nje.

Lakini kinachonitia hofu kuliko mizizi ni vidonge vya misoprosto vinavyopatikana dukani kwa minong'ono. Kidonge kimoja kina maikrogramu 200. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha kuanzisha uchungu kwa mdomo ni maikrogramu 25 kila saa 2, mama akiwa wodini, mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Kidonge kizima ni dozi 8 kwa mkupuo. Dripu inaweza kufungwa mambo yakiharibika, ila kidonge kilichomezwa hakirudi. Na mwenye kovu la upasuaji hapewi kabisa kwa kazi hii.

Kabla ya kufika huko kuna njia ya katikati ambayo akina mama wengi hawaiulizii: mkunga kutenganisha utando kwa kidole. Anaingiza kidole ndani ya mlango wa kizazi na kukizungusha ili utando wa chupa uachane na ukuta. Hufanywa kuanzia wiki 39, mlango ukiwa umefunguka angalau wa kupitisha kidole. Inauma kwa dakika moja au mbili, na kutokwa na ute wenye damu kidogo baadaye ni kawaida. Damu nyingi kama ya hedhi si kawaida. Iulizie kliniki, iwe Coast General, Port Reitz au Likoni.

Wiki 41 zikitimia, michezo ya nyumbani iishe. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzishiwa uchungu baada ya hapo, kwa sababu kondo huanza kuchoka na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Nenda na kitabu cha kliniki, na useme ukweli wa kila ulichokunywa. Mkunga asiyejua kuhusu mbarika ya asubuhi anaweza kuongeza dripu juu yake.

Na wiki yoyote ile, usingoje kesho ukiona damu, kichwa kinauma na macho yana ukungu, mtoto amepunguza kucheza, au chupa imepasuka hata bila uchungu. Chupa ikipasuka vaa pedi uangalie rangi: maji meupe mpigie mtu wa gari, ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, ondoka hapohapo. Kwa mimba ya kwanza watu husema subiri mikazo ije kila dakika 5 kwa saa nzima. Anayekaa Likoni na kuzalia kisiwani asisubiri hivyo, hasa usiku feri zinapopungua. Avuke ikiwa kila dakika 8 au 10, na mwenye mimba ya pili avuke mapema zaidi.