Kabla Hamjasema Hampendi Tena Mumewe, Mpimeni Ferritini

Mwanamke akisema hamu ya tendo la ndoa imemtoka, majibu huwa tayari. Ana jini mahaba. Ana mwingine. Arudi kwa somo wake akafundwe upya. Atauziwa unga wa kuchanganya kwenye uji na mafuta ya kujipaka, na hatapata hata mtu mmoja wa kumuuliza hedhi yake ikoje. Inaniuma, maana wapo wengi ambao mapenzi yao hayana kasoro yoyote. Wameishiwa madini chuma.

Madini haya hayaishii kutengeneza damu. Misuli huyahitaji, na ubongo huyatumia kutengeneza dopamini, kemikali inayoamsha hamu na raha. Yakipungua, mwanamke akipanda ngazi moyo unamdunda, jioni amekwisha kabisa, na mkono wa mumewe anauona kama kazi nyingine iliyobaki. Mwili usiposisimka ute haupatikani, tendo linauma, naye anaanza kuliogopa.

Kinachonikasirisha zaidi ni namna tunavyopima. Anafika zahanati, anafunuliwa kope, anatobolewa kidole, wekundu wa damu (himoglobini) unasoma gramu 12.4, anaambiwa damu ipo, nenda nyumbani. Damu ipo, lakini ghala ni tupu! Mwili hula akiba ya madini chuma kwanza. Ikishaisha ndipo wekundu unaposhuka chini ya 12. Akiba hiyo huonekana kwenye kipimo cha ferritini, protini inayohifadhi madini chuma mwilini. Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa upungufu kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, na madaktari wengi huanza kutibu ikiwa chini ya 30. Majaribio ya tiba yaliyofanywa Uswisi na Ufaransa kwa wanawake wenye uchovu, ambao wekundu wao ulikuwa wa kawaida lakini ferritini iko chini, yalionyesha kwamba madini chuma yaliwapunguzia uchovu huo. Kwa hiyo "damu ipo" si jibu. Ila usipime ukiwa na malaria au homa nyingine, kwani ferritini hupanda mwili ukipambana na ugonjwa na kuficha upungufu. Pona kwanza.

Haya, nakubali: kipimo hiki hakipo kila zahanati na bei yake si ile ya kutobolewa kidole. Nakubali pia kwamba hamu huuawa na mengine, kama vile msongo, kunyonyesha, baadhi ya dawa, na mume anayetukana mchana kisha akadai usiku. Hayo hayatibiwi kwa kidonge.

Lakini hedhi nzito tunaizoea mno. Mililita moja ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya madini chuma, hivyo anayepoteza mililita 80 kwa mwezi hupoteza miligramu 30 hadi 40, huku chakula kikimwingizia miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Pedi inayolowa ndani ya saa moja au mbili, mabonge, kuamka usiku kubadilisha: hiyo ni hedhi ya kutibiwa hata kama mama na bibi walikuwa hivyo hivyo. Atafutwe uvimbe kwenye kizazi, na kama ana kitanzi cha shaba aulize njia nyingine ya uzazi wa mpango. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu. Kichocho kikifika sehemu za siri huleta damu na maumivu wakati wa tendo.

Kidonge cha miligramu 200 za ferasi salfeti hutoa takriban miligramu 65 za madini chuma. Kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kinatosha kwa wengi: ukimeza, mwili hutoa homoni inayofunga mlango wa kufyonza kwa karibu siku nzima, na kinachozidi hubaki tumboni kuleta kichefuchefu na choo kigumu. Meza saa moja kabla ya kula, kwa maji yenye limau. Maziwa na dawa za kiungulia viwe mbali nacho, na chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Choo cheusi kisikutishe. Udongo wa pemba acha. Hamu ya kuula huwa dalili ya upungufu wenyewe, nao huzuia madini kufyonzwa. Rangi nyekundu ya rozela au bitiruti haina maana kwamba glasi hiyo ina madini ya kutosha. Dagaa, nyama na maini vina zaidi. Mwenye selimundu asijiandikie vidonge hivi mwenyewe, na vifungiwe mbali na watoto, maana vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Rudi kupima baada ya wiki 4. Kama wekundu ulikuwa chini ya 12 na haujapanda walau gramu 1, huenda kuna mahali damu bado inavuja au dawa haifyonzwi. Ukipanda, endelea miezi 3 zaidi ili akiba ijae. Mume asianze kudai baada ya kidonge cha kwanza. Nguvu hurudi kwanza, hamu baadaye, na katika miezi hiyo yeye ndiye achote maji na kuosha vyombo vya jioni.