Mfereji wa Tainan na reli ya Tabora

Nyumba ninayopanga hapa Tainan, kusini mwa Taiwan, imepakana na mashamba ya mpunga, na kila msimu wa kupanda namwona mzee mwenye nyumba akiinua lango dogo la chuma ili maji ya mfereji yaingie kwenye majaruba yake. Maji hayo hutoka bwawa la Wushantou, lililokamilika mwaka 1930, Taiwan ikiwa koloni la Japani, chini ya mhandisi Mjapani, Hatta Yoichi, ambaye wakulima wa huku wamemhifadhia sanamu na kumfanyia kumbukumbu kila tarehe 8 Mei. Mimi nimekulia Tabora, kando ya reli ya Wajerumani iliyofika mjini kwetu mwaka 1912, na sikuwahi kumsikia mzee yeyote akimwombea dua mhandisi wa Kijerumani.

Mwanzoni nilidhani wenyeji wangu wameusahau ukoloni. Nilikosea sana. Mzee huyu bado huiita pikipiki "otobai", neno la Kijapani alilolirithi kwa wazazi wake, lakini ndiye aliyenieleza kwamba mchele na sukari vilisafirishwa kwenda Japani, kwamba mkulima wa miwa alilazimika kukiuzia kiwanda cha eneo lake kwa bei iliyopangwa na kiwanda chenyewe, na kwamba mwaka uleule wa 1930 Waseediq wa Wushe, wenyeji wa asili wa milimani, wakiongozwa na Mona Rudao, waliasi kwa kuchoshwa na kazi za shuruti na dharau, wakashambuliwa kwa mizinga na ndege. Nikawakumbuka wazee wetu wa Majimaji.

Utamu wa kumbukumbu ya Mjapani ulikolezwa na waliomfuatia: serikali ya Kuomintang, chama kilichotoka China bara, iliyoua maelfu ya watu mwaka 1947 na kutawala kwa sheria ya kijeshi kuanzia 1949 hadi 1987. Wakorea, ambao nao walitawaliwa na Japani lakini hawakutawaliwa na Kuomintang, walilibomoa jengo la gavana wa Kijapani mjini Seoul. Wataiwani wamelifanya la kwao kuwa ofisi ya rais.

Ndiyo maana huniuma ndugu zangu wa nyumbani wanaponiandikia kwamba laiti tungetawaliwa na Wajapani tungekuwa mbali. Baba yake mzee huyu alilima shamba hilihili kwa kukodi, na nusu ya mavuno ikaenda kwa mwenye ardhi, maji ya Hatta yakiwa yanapita mlangoni. Aliyafaidi baada ya mageuzi ya ardhi ya mwaka 1953, shamba lilipoandikwa kwa jina lake. Hati hiyo ingali kabatini, imekunjwa ndani ya kitambaa, na mzee alinionyesha kwa mikono iliyokuwa bado na tope.