Kibao cha "Mbwa Mkali" kinamlinda nani?

Ukipanda Isyesye jioni, pale Mbeya, mageti yote yanasema neno moja. Kibao cha bati, maandishi mekundu: MBWA MKALI. Vingine vina picha ya kichwa cha mbwa asiye na undugu wowote na yule koko aliyejikunja ndani kwa baridi. Hata kwangu kipo. Alikitundika mpangaji aliyenitangulia; mimi sifugi mbwa, ila sijakibandua.

Julai iliyopita mbwa wa jirani alimng'ata binti wa miaka tisa. Mtoto alitumwa kurudisha sufuria. Akakuta geti limerudishiwa tu, akaingia kama alivyozoea kuingia mchana. Lakini ilikuwa saa moja jioni, na mbwa alikuwa ameshafunguliwa. Nyuzi sita pajani. Kesho yake tulikaa kwa balozi, na hata dakika kumi hazikuisha mtaa ukawa umegawanyika. Wapo waliotaka mbwa auawe siku hiyohiyo. Mwenye mbwa akasimama: "Ndugu zangu, poleni sana, hospitali nitalipa mimi. Ila mbwa kafanya kazi yake. Mnataka nilinde nyumba kwa kuku?"

Watu walicheka, baba wa mtoto naye akacheka kidogo. Lakini swali hilo la kuku lina uzito wake. Viwanja vya pembezoni mwa mji vinajengwa haraka kuliko taa za barabarani zinavyofika. Mlinzi anataka mshahara kila mwezi. Mbwa anataka ugali wa pumba na mifupa ya buchani. Ulinzi shirikishi unapita mara moja, na usiku wa Julai, baridi ikishashuka kutoka mlima Loleza, haupiti tena. Mwizi naye huchagua nyumba, na akisikia mlio nyuma ya ukuta anasogea ya pili. Mtu anayekuja kuhubiri huruma kwa mbwa bila kugusa habari ya wizi anajihubiria mwenyewe.

Ugomvi wangu hauko hapo. Uko kwenye namna ukali wenyewe unavyotengenezwa.

Jirani alitueleza utaratibu wake bila kuficha, tena kwa fahari kidogo. Alimchukua mbwa akiwa na wiki kama sita, akamweka kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba. Mtu wa kumlisha ni mmoja tu. Mgeni hamwoni, watoto hawamchezei, mchana kufungwa, usiku kufunguliwa. "Ili asizoee watu." Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo Kihesa, Iringa (utani wa Wahehe na mbwa naomba tuuache, watani wangu najua mmeshauandaa). Wapo waliokuwa wakiongeza pilipili kwenye chakula, wengine wakisema mavu. Ninachoweza kukubali ni kwamba mbwa aliyeungua mdomo hana sababu ya kufurahi.

Banda lenyewe, hata hivyo, kweli linafanya kazi. John Paul Scott na John Fuller, watafiti waliokuwa Bar Harbor huko Maine, Marekani, walilea watoto wa mbwa kwa miaka mingi na mwaka 1965 wakatoa matokeo yao. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, mtoto wa mbwa anajifunza kilicho cha kawaida duniani. Alichokutana nacho kipindi hicho, hata kwa dakika chache kwa siku, hakimtishi baadaye. Ambacho hakukiona atakiogopa, na kumtoa woga huo ukubwani ni kazi ngumu. Kwa hiyo jirani yangu hakukosea hesabu. Alitaka mbwa asiyezoea watu, akampata. Ila asiyezoea watu haogopi wezi peke yao. Anaogopa mwavuli, mama aliyejitwika ndoo, mtoto anayekimbia, bodaboda inayozimwa getini. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kuuma, na ukuta au mnyororo umeshaziba ya kwanza.

Kwangu mimi hoja ya ulinzi inaanza kuvuja hapo. Woga hauchagui. Mwizi anakuja amejiandaa, ana kipande cha nyama chenye sumu mfukoni, na mbwa aliyelelewa kwa njaa anakimeza bila kuuliza. Asiyejiandaa ni mtoto mwenye sufuria.

Jambo la pili lilisemwa kwa balozi likapita bila mtu kulishika. "Huyu mbwa hajawahi hata kunguruma," alisema mwenye mbwa. Niliporudi naye nyumbani, tukizungumza taratibu, akaniambia kumbe zamani alikuwa akinguruma sana, hasa ukisogelea bakuli lake. Alichapwa fimbo mpaka akaacha. Basi aliacha kunguruma. Ile hofu ya kunyang'anywa ikabaki palepale. Ni sawa na kung'oa honi ya Coaster ukadhani umetengeneza breki. Mbwa kabla ya kuuma hutoa taarifa nyingi: anageuza uso, analamba midomo, anapiga miayo wakati hana usingizi, mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Mkia nao unaweza kutikisika bila furaha yoyote. Kunguruma ni taarifa ya mwisho ambayo hata sisi tusiosoma mbwa tunaielewa, na ndiyo tunayoiadhibu.

Watu wa fimbo wana jibu lao: mbwa lazima ajue nani bwana, la sivyo atakupanda kichwani. Wazo hilo lilipata nguvu kutoka kwa uchunguzi wa mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliuandika mwaka 1947. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyechangia kulisambaza wazo hilo, alikuja kusahihisha mwaka 1999: porini kundi lile kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si genge linalogombea cheo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wa 2009 nao uliwauliza watu walioleta mbwa wao kliniki ya tabia za wanyama. Kwa waliowahi kupiga mbwa kwa mkono au teke, asilimia 43 ya mbwa waliwajibu kwa ukali. Nikiri kwamba hao walikuwa mbwa waliokwisha kuwa na matatizo, kwa hiyo tarakimu hiyo haimhusu kila mbwa wa Mwanjelwa.

Wala si kila ukali ni woga wa malezi. Jike lenye watoto litauma. Mbwa mwenye sikio bovu, au kidonda cha mnyororo kilichoingia funza, atauma anapoguswa. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekewa fimbo. Kuhasi kunapunguza kuzurura. Kuhusu ukali matokeo yanayumba. Na suala la aina, rotiwaila au jemani shefadi, linakuzwa mno: utafiti mkubwa wa 2022 uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 ulikuta aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Uingereza inapiga marufuku baadhi ya aina tangu 1991 na mabishano hayajaisha. Ninachowapa wanaotaka sheria ya aina ni kimoja: taya. Koko na rotiwaila wanaweza kukasirika sawasawa, lakini majeraha hayatalingana.

Turudi kwa balozi. Waliotaka mbwa auawe walikuwa na uchungu wa haki, lakini wangetuharibia jambo kubwa. Mama mmoja nesi, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyeuliza: "Kadi ya chanjo iko wapi?" Ilikuwa imepitwa na wakati. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeng'ata akiwa hai, anafungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, hakuweza kuambukiza kichaa siku aliyouma. Ukimuua ukamtupa bondeni, umetupa na jibu. Mtoto hangoji siku hizo: kidonda kinaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha sindano. Binti yetu alikuwa amepakwa mafuta ya taa.

Alianza sindano. Mbwa alimaliza siku zake, mzima.

Msimamo wangu niliumwaga wiki hiyo, nimeketi na jirani ukutani: kazi ya mbwa iwe kuamsha watu, kuuma si lazima. Mbwa anayewajua majirani na kubwekea wageni anatosha. Akanitazama. "Kaka, wezi wa huku wanamjua mbwa wa kubweka tu." Hapo sikuwa na jibu kamili, na sina mpaka leo. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kwa jirani yangu wamekosea, maana ni mtu mpole kuliko sisi sote. Mbwa wa umri ule habadiliki kirahisi, basi alibadilisha vinavyomzunguka: komeo linalojifunga lenyewe, kengele getini, kufungulia mbwa saa nne badala ya saa moja, na chanjo.

Juzi binti yule alitumwa kwangu na sahani ya maandazi. Alisimama barabarani, mbali na geti.

"Shikamoo baba. Mbwa wenu amefungwa?"

"Marahaba mwanangu. Hatuna mbwa, pita."

Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akaiweka sahani juu ya jiwe nje ya geti na kuondoka.