Majengo ya kale ya Dar yasiwe ya picha tu

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka majengo ya kale ya Dar yawe mahali pa kukutania wasanii na viongozi wa nchi jirani. Naunga mkono, tena hatuanzi sifuri: FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa hapa 1962, na mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikaweka makao yake hapa hapa. Ila msiwafungie wageni Boma la Kale, lile jengo la zamani karibu na bandari, wapige picha mlango wa nakshi na zile kuta za matumbawe, basi. Wapelekeni soko la samaki la Feri alfajiri samaki wakinadiwa, huko ndiko watu wanaongea! Halafu jamani, nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimeshapisha maghorofa. Hizo chache zilizobaki nani anazilinda?