HD inapoingia kwenye televisheni ya bure, ufunguo anashika nani?

Tarehe 29 Machi 2017 Ujerumani ilizima mitambo ya DVB-T, mfumo wa dijitali wa kurusha televisheni kwa antena, katika miji yake mikubwa na kuwasha DVB-T2 HD, kizazi chake kipya chenye picha ya ubora wa juu (HD). Mwenye TV ya zamani ambaye hakuwa na king'amuzi kipya alibaki na skrini tupu. Aliyejiandaa alipata ARD na ZDF, mashirika ya utangazaji ya umma, kwa mistari 1080, fremu kamili 50 kwa sekunde, tena kwa antena ndogo ya mezani. Lakini RTL, ProSieben, Sat.1 na chaneli nyingine za kibiashara, ambazo katika miji mingi watu walizinasa hewani bila kulipa senti, sasa zilifungwa kwa msimbo. Baada ya miezi mitatu ya kuonjeshwa, kuzitazama kulitaka euro 69 kwa mwaka, na kila TV ndani ya nyumba ililipiwa kivyake.

Mjadala wa HD kwenye chaneli za bure huendeshwa zaidi na mafundi na wauza TV, kwa hiyo huishia kwenye ung'avu wa picha. Mimi naitaka picha hiyo kwa dhati. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba siku ya kuhama mfumo ndiyo siku nyepesi kuliko zote ya kufunga chaneli. Mtazamaji amekwisha kukubali kununua kifaa kipya, na mfumo wa zamani ambao angeurudia umezimwa.

Faida zenyewe si za kubeza. Picha ya SD, yaani ya ubora wa kawaida, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, mara tano ya ile. Kwenye TV ya kichogo ya inchi 21 tofauti hiyo haikuwa na maana. Kwenye TV bapa ya inchi 43, ambayo leo iko sebuleni kwa watu wa kipato cha kawaida kabisa, SD inavutwa mpaka inapauka. Mpira unapotea kwenye majani, majina ya wagombea chini ya skrini hayasomeki, na mtu asiyesikia vizuri, anayetegemea maandishi au mikono ya mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya picha, anakosa nusu ya habari. Asiye na pesa ya bando la intaneti wala kifurushi cha mwezi hana sababu ya kupewa picha ya daraja la pili, hasa kwa taarifa ya habari, uchaguzi na mechi za timu ya taifa.

Hoja ya pili ni ya masafa na fedha. Kurusha chaneli moja mara mbili, SD na HD, ni kulipia nafasi mara mbili kwa kipindi kilekile. Ndiyo maana BBC iliondoa SD kwenye setilaiti Januari 2024, Hispania ikazima SD hewani tarehe 14 Februari 2024, na ARD ikaondoa SD yake kwenye setilaiti ya Astra tarehe 7 Januari 2025. Sioni kosa katika uamuzi huo. BBC na ARD zinaishi kwa fedha za umma, HD yao haikufungwa, na zilikuwa zimeirusha sambamba na SD kwa miaka mingi.

Ugumu uko kwa vituo vya biashara, na hapa lazima tuwape haki yao. Januari 2013 RTL ilitangaza kwamba ingejiondoa kabisa kwenye matangazo ya antena nchini Ujerumani kufikia mwisho wa 2014, na mjini Munich ikazima mwaka huohuo wa 2013. Sababu yake ilieleweka: Wajerumani wengi hutumia kebo na dishi, kwa hiyo mtandao wa minara unagharimu pesa nyingi kwa kila mtazamaji mmoja wa antena. Baadaye RTL ilikubali kubaki na kuingia DVB-T2, lakini katika mfumo uliofungwa. Kwa maneno mengine, kwa hesabu yao, chaguo lililokuwapo mezani lilikuwa chaneli ya kulipia kwenye antena au kutokuwepo kabisa. Mtu wa Berlin asiyeruhusiwa na mwenye nyumba kutundika dishi angeweza kusema kwamba euro 5.75 kwa mwezi ni afadhali kuliko kukosa.

Hoja hiyo ningeikubali kwa urahisi zaidi kama isingekuwa na historia nyuma yake. Kwenye setilaiti, ambako hakuna minara ya kulipia, chaneli hizohizo zilipoingia HD kuanzia mwishoni mwa 2009 zilifungwa vilevile, kupitia huduma iitwayo HD+. Na kufuli lile halikuwa la malipo tu. Liliweza pia kumzuia mtazamaji kuruka matangazo ya biashara katika kipindi alichokirekodi mwenyewe. Kisha Desemba 2012 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt, iliwatoza RTL na ProSiebenSat.1 faini ya jumla ya euro milioni 55 hivi. Kosa lao lilikuwa kupatana kwamba chaneli zao za dijitali, hata zile za SD, zifungwe. Kampuni hizo zilibanwa na ahadi ya kuacha SD wazi kwa miaka kumi.

Tazama ahadi hiyo ilivyolinda SD peke yake. HD haikuguswa. Kwa hiyo kadiri SD ilivyochakaa, na TV zilivyokua, haki iliyolindwa ilipungua thamani bila mtu yeyote kuivunja. Mtazamaji hakunyang'anywa chaneli ya bure, aliachiwa ile iliyofifia. Mkakati huu haufanywi kwa ubaya wa moyo, ni biashara, lakini mdhibiti anayelinda neno "bure" bila kulinda ubora amelinda nusu.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2016 nchi nzima iliacha MPEG-2, mbinu ya zamani ya kubana picha, na chaneli zote za kitaifa za bure, zikiwemo TF1 na M6 za biashara, zikaenda HD kwenye antena bila kufungwa. Jambo ninaloliheshimu zaidi hapo ni maandalizi. Tangu mwisho wa 2012 sheria ilitaka kila TV inayouzwa nchini, yenye uwezo wa kupokea matangazo ya antena, iweze kupokea HD ya MPEG-4, mbinu mpya iliyoifuata. Miaka zaidi ya mitatu ikapita, watu wakibadilisha TV zao kwa wakati wao wenyewe. Kaya zilizosamehewa ada ya utangazaji kwa sababu ya kipato, na zinazotegemea antena pekee, zilisaidiwa euro 25 kununua king'amuzi.

Lakini Ufaransa nayo ililipa. Maltipleksi, yaani mafungu ya chaneli yanayosafiri pamoja kwenye mkondo mmoja wa masafa, yalipunguzwa kutoka manane hadi sita. Masafa ya megahezi 700 yalikuwa yameshapigwa mnada Novemba 2015 kwa kampuni za simu, kwa takriban euro bilioni 2.8. Mtazamaji alipata picha nzuri, na televisheni ya antena ikapoteza eneo ambalo ni vigumu kuamini litarudishwa. Anayesifu HD ya Ufaransa bila kutaja mnada ule anasimulia upande mmoja.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu ni tofauti kwa sababu antena si mabaki ya zamani. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na waliowahi kununua vifaa vya kwanza wakaachwa. Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi katikati ya mvutano na vyombo vikubwa vya habari, Citizen, NTV na KTN hazikuonekana hewani kwa takriban wiki tatu. Tanzania, iliyoanza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ilikutana na mgogoro wa aina nyingine: Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini humo, iliagiza kampuni za televisheni ya kulipia zinazotumia dishi ziondoe chaneli za bure za ndani, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Swali lilikuwa lilelile la Ujerumani, nani ana haki ya kuweka chaneli ya bure nyuma ya malipo. Nasi tulikutana nalo hata kabla HD haijawa hoja.

Kwa upande wetu mzani una jambo jingine ambalo Berlin halikuwauma sana: nafasi. Maltipleksi moja ya DVB-T2 katika upana wa megahezi 8 hubeba megabiti 30 na kitu kwa sekunde, ikitegemea ilivyopangwa. Chaneli ya SD kwa MPEG-4 inatosheka na megabiti mbili au tatu. HD hutaka sita hadi nane. Penye chaneli kumi na mbili panabaki nne au tano. Dijitali ndiyo iliyofungua mlango kwa stesheni za lugha za mama, za dini na za kaunti, na kama gharama ya kurushwa inafuata nafasi inayotumika, hizo ndizo zitakazotolewa kwanza na HD ya pupa. Kwa stesheni ndogo, kuambiwa ihamie HD kesho ni kuambiwa ifunge.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka chaneli zote zihame kwa tarehe moja. Ningeanza na chaneli ya taifa na chochote kinachobeba uchaguzi na mechi za timu za taifa, ziwe HD na ziwe wazi, sharti hilo likiandikwa ndani ya leseni kwa ubora wake, kwamba picha isiyofungwa isiwe duni kuliko ile inayouzwa. Stesheni ndogo zibaki SD kwa muda. HEVC, mbinu mpya zaidi ya kubana picha, huhitaji karibu nusu ya nafasi ya MPEG-4 kwa picha inayokaribiana, hivyo ndiyo itakayowapa pumzi, lakini ving'amuzi vingi vilivyonunuliwa wakati wa kuhama analojia haviisomi. Hapo somo la Ufaransa linafaa lichukuliwe lilivyo: kuanzia mwaka utakaotangazwa, kila TV na king'amuzi kinachoingia kupitia Mombasa na Dar es Salaam kiwe na DVB-T2 na HEVC, na tarehe ya kuzima SD isitajwe mpaka vifaa hivyo viwe vimeingia majumbani kwa miaka kadhaa.